Kuona mawe ya Giant's Causeway: kulipa au kutolipa?

Ndugu, umeuliza kama ni lazima ulipie kituo cha wageni ndipo uyaone mawe ya Giant's Causeway, kule pwani ya Ireland Kaskazini. Hapana. Njia ya kushukia ufukweni ni ya umma, unapita kwa miguu bure, kama kilomita moja. Tiketi ni ya maegesho, maonyesho na kifaa cha sauti cha kukuongoza.

Mimi ningelipa ikiwa una watoto. Kituo hicho cha mwaka 2012 kimezama ndani ya kilima, paa lake ni majani, na kinaeleza vizuri jinsi lava ilivyopoa ikapasuka miaka milioni 50 hadi 60 iliyopita, ikaacha nguzo zipatazo 40,000, nyingi zenye pembe sita. Watoto watapenda zaidi habari za jitu Finn McCool, aliyejenga njia ya kuvukia bahari hadi Uskoti. Na kweli, kisiwani Staffa, hukohuko Uskoti, kuna nguzo kama hizohizo!

Usiishie kwenye mawe ya chini, tafadhali. Endelea hadi nguzo ndefu ziitwazo Organ, kisha panda ngazi 162 za Shepherd's Steps urudi kwa juu ya jabali. Mandhari ya huko juu ndiyo yaliyonikaa moyoni.

Vaa viatu vya kushika, mawe meusi yaliyolowa yanateleza vibaya, na usiipe bahari mgongo. Tena, ukitokea Dublin na pasipoti ya Kenya au Tanzania, viza ya Ireland pekee haitoshi, kwani mawe yako Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza.