Kona ya Kambi: Hamoki imekuja bila kamba, niifungie nini?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko Kibirizi hapa Kigoma, natembeza wageni wanaokwenda Gombe na wengine wanaotaka tu kulala ufukweni siku mbili tatu. Juzi nimepata hamoki ya mtumba, kile kitanda cha kuning'iniza kati ya miti miwili, ile ya kitambaa cha parachuti, nzima kabisa ila haina kamba wala ndoano, ina vitanzi tu huku na huku. Mjomba anasema nichukue kamba ya manila ya kwenye boti maana hiyo inavuta mtumbwi mzima itashindwaje na mimi, rafiki yangu anasema niagize mikanda maalumu kutoka Dar. Nina kilo 80. Nisaidie kabla sijadondoka mbele ya wageni. (Kijana wa Kibirizi)

JIBU: Mdogo wangu, umefanya la maana sana kuuliza kwanza, maana mi sikuuliza. Miaka kadhaa nyuma nilifunga hamoki kwa hiyo hiyo manila kwenye miembe miwili kando ya ziwa, nikakanyaga shina kwa mguu nikaivuta kwa nguvu zangu zote mpaka ikanyooka kabisa, nikajisifu kwamba leo nalala bapa kama kitandani. Saa nane usiku fundo likaachia upande wa kichwani nikashukia mizizi na nyonga, mwezi mzima nilikuwa nageuka kitandani kwa kusaidiwa. Kamba yenyewe niliikuta haijakatika hata uzi mmoja.

Kwaiyo mjomba wako hajakosea kuhusu nguvu ya kamba. Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi ni mkao. Fanya hivi leo jioni hapo hapo nyumbani, chukua ndoo ya maji ya lita 20, pitisha kamba kwenye mshikio, we shika upande mmoja na mwenzio ashike mwingine. Mkisimama karibu karibu kila mmoja anabeba kama kilo 10 na mnapiga stori bila shida. Sasa anzeni kurudi nyuma taratibu ndoo ikiwa hewani. Kamba ikibaki na mteremko wa digrii 30 kila mmoja wenu anavuta kilo 20, yaani ndoo nzima peke yake, na mkijitahidi kuinyoosha mpaka ibaki digrii 10 kila mmoja anavuta karibu kilo 58 na hapo mikono inawaka moto. Maji hayajaongezeka hata kijiko.

Ukija kwenye kilo zako 80 ni vilevile: digrii 30 kila upande wa kamba unavutwa kilo 80, digrii 15 unavutwa kama 155, digrii 10 ni 230 hivi, na hapo umelala umetulia, hujahesabu ule mshtuko wa kujitupa kukaa. Mzigo huo wote unaenda kwenye fundo, kwenye mshono wa hamoki na kwenye mti. Ndo maana nakuomba kabla ya kufikiria kununua chochote, zoea kuilegeza. Ikining'inia tupu inatakiwa ionekane imelegea kama ndizi, mtu akipita akuulize mbona hujaikaza.

Hizo digrii 30 huhitaji kipimo. Nyoosha kidole cha shahada kuelekea kwenye hamoki kikiwa kimelala sawa na ardhi, gumba lisimame wima upande wa mti. Mstari wa kutoka ncha ya gumba kushuka mpaka ncha ya shahada ndo mteremko unaoutaka, weka mkono wako sambamba na kamba uangalie. Miti iwe imeachana mita 4 mpaka 5, kamba ifungwe usawa wa kichwa chako hivi, na ukishakaa makalio yawe kwenye kimo cha kiti cha kawaida, sentimita 45 kutoka chini, ili hata mambo yakiharibika unaanguka kidogo. Na chini pafagiwe, toa mawe na visiki.

Sasa tuje kwenye kamba yenyewe. Manila ya plastiki nisingeitumia, kwanza inateleza kwenye fundo, pili jua la ziwani linaikausha mpaka inaanza kuchomoza vinyweleo, tatu ni ya duara nyembamba kwaiyo inakata ganda la mti. Kamba ya nailoni nayo inavutika, na ikilowa umande inavutika zaidi, unalala kwenye kimo cha kiti unaamka mgongo unagusa nyasi. Na tafadhali sana ile mipira ya tairi ya baiskeli tunayofungia mizigo usiilete kabisa hapa, najua kuna watu wanafanya hivo.

Unachotaka ni mkanda bapa wa poliesta, upana usipungue sentimita 2.5, ukipata wa 4 au 5 ni bora zaidi kwa mti. Poliesta haivutiki sana hata ikilowa. Na sio lazima uagize Dar. Nenda kwa wanaouza spea za magari zilizotumika uulize mkanda wa siti, ule unaotuvuka kifuani, huo ni poliesta na una upana wa karibu sentimita 5. Ukague kwa vidole kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kingo zote mbili, ukikuta palipochanika hata kidogo, palipoungua au palipopauka na kuwa pagumu, acha huo tafuta mwingine. Mikanda ya kufungia mizigo kwenye malori nayo ni mizuri, ila chukua mkanda peke yake, lile dude la chuma la kukazia liache, linakushawishi ukaze na ni zito bure. Ukinunua mpya angalia maandishi ya uzito unaoukata mkanda, mi napenda uwe angalau mara tano ya uzito wa mtu, kwako wewe ni kilo 400 na kuendelea.

Kila upande mita 3 zinatosha. Mwisho mmoja mpe fundi viatu akushonee kitanzi, ashone msalaba ndani ya mraba kwa uzi wa nailoni mnene, mishono mingi. Unazungusha mkanda kwenye shina, unapitisha ncha ndefu ndani ya kitanzi, unavuta, basi mti umeshikwa. Ile ncha ndefu ndo unaifunga kwenye kitanzi cha hamoki, na hapa wala huhitaji karabina, ile pete ya chuma yenye mlango wa kujifunga. Ingiza mkanda kwenye kitanzi cha hamoki kutokea chini, uzungushe nyuma ya kitanzi chote, pande zake zote mbili, alafu uurudishe mbele na kuuchomeka chini ya mkanda wenyewe, usiurudishe ndani ya kitanzi. Badala ya kuchomeka ncha tupu uikunje kwanza ili asubuhi uvute mara moja ifunguke. Wazee wanaosuka nyavu hapo mwaloni waonyeshe, watalitambua fundo hili, ni lilelile la jicho la wavu. Ukikaa linajibana lenyewe. Ukitaka kushusha au kupandisha unafungua unasogeza, sekunde kumi.

Ukiwa na hela baadae kuna zile kamba nyembamba za Dyneema (aina ya uzi wa plastiki wenye nguvu sana) unazoweza kurekebisha urefu, kamba imepitishwa ndani ya tumbo lake yenyewe, ukiivuta inajifinya na kushika. Ni nyepesi ajabu na zina nguvu, ila zinateleza, fundo la kawaida halikai, haziwezi kufupishwa sana kwaiyo miti ikiwa karibu zinakushinda, na bado utahitaji mkanda bapa kwenye mti. Kwa mtu anayeanza nasema mkanda na fundo.

Kuhusu miti, ishike kwanza. Shina lisiwe jembamba kuliko paja lako, ligonge usikie kama lina uwazi ndani, angalia njia za mchwa, angalia juu kama kuna tawi kavu limening'inia. Mpapai na mgomba hapana. Mchikichi wenye mkungu ulioiva usilale chini yake. Wageni wako wakifika Gombe waonyeshe viota vya sokwe, kila jioni anasuka kipya, anakunja matawi mabichi yenye uhai, nawe vilevile tafuta mti ulio hai.

Kabla ya kumlaza mgeni, kaa wewe kwanza. Bonyeza kwa mikono, alafu kalio moja, alafu uzito wote, huku miguu ipo chini.

SWALI: Mwanangu salaam. Mimi ni mrina asali huku Sikonge, tukiingia porini tunakaa kambini wiki mbili. Vijana wameniletea hamoki nikaona nafuu maana chini kuna siafu. Lakini nalala nimekunjika, asubuhi mgongo na magoti yananikatalia. Tena mwezi wa saba baridi inapanda kutokea chini hata nikijifunika mablanketi mawili. Na je haiui miti? (Mzee wa mizinga, Tabora)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mgongo.

Nadhani unalala kufuata urefu wa hamoki, kichwa na miguu katikati kabisa, na hapo lazima ukunjike. Jaribu kulala mshazari: kichwa kisogee upande mmoja wa katikati, miguu iende upande wa pili, yaani unaikata hamoki kwa kona. Kitambaa kinatandazika na mgongo unakuwa karibu bapa, magoti hayalazimishwi kurudi nyuma. Upande wa miguuni funga mkanda juu zaidi kama shubiri moja kuliko wa kichwani, usiku huwezi kuteleza ukajikuta umejikusanya chini. Hii inafanya kazi tu kama hamoki imelegea, ikiwa imekazwa kingo zinakubana mabega na mshazari haulaliki.

Kuna kitu kingine kitakusaidia sana kwa sababu kambini miti haifanani. Funga kamba nyembamba isiyovutika, unene wa milimita 3 hivi, kutoka ncha moja ya hamoki mpaka nyingine, ipite juu yako. Urefu wake uwe kama asilimia 83 ya urefu wa hamoki, yaani hamoki ya mita 3 kamba hiyo iwe mita 2 na nusu. Hapo mpindo wa hamoki unakuwa uleule kila usiku hata miti ikiwa mbali au karibu, na chandarua unakitundika juu yake. Ukiigusa ukiwa umelala inatakiwa ibonyee kidogo kwa vidole viwili, ikiwa ngumu kama waya umekaza kupita kiasi, shuka ulegeze mikanda.

Baridi mzee wangu inapita kwa sababu sehemu ya blanketi uliyolalia umeibana na uzito wako, haina hewa tena ndani, na upepo unapita chini. Moja kati ya yale mawili litoe, lifunge kwa nje chini ya hamoki, ncha zake kwenye ncha za hamoki, liguse kitambaa bila kubanwa. Au tandika kigodoro chembamba cha povu ndani. Utaona tofauti usiku wa kwanza.

Kuhusu miti wewe ni mwalimu wangu. Unajua mti uliobanduliwa ganda kuuzunguka kwa ajili ya mzinga hauponi, chakula kutoka kwenye majani kinashukia kwenye ganda hilo hilo. Kamba nyembamba ikifungwa mahali pamoja usiku kumi na nne inasaga ganda kwa mtindo huohuo, taratibu tu. Mkanda mpana hauna shida hiyo, na ukiweza badilisha miti katikati ya kambi. Mti wenye mzinga uache kabisa hata kama umekaa vizuri kiasi gani, hamoki ikitikisika na mzinga unatikisika.

SWALI: Mvua ikinyesha nina turubai juu lakini maji yanatembea kwenye mkanda mpaka kwenye hamoki, naamka nimelowa kichwani. Nifanyeje? (Dada wa Urambo)

JIBU: Pole dada. Kata kipande cha uzi wa pamba au utepe wa kanga kuukuu, urefu wa kiganja, funga kwenye mkanda kila upande, kati ya turubai na hamoki, sehemu ambayo tayari iko chini ya turubai. Uachie uning'inie. Maji yakifika hapo yanafuata uzi yanadondoka chini. Ukitumia karabina au pete ya chuma nayo inadondosha kidogo, ila uzi ndo wa uhakika. Na hakikisha turubai linazidi hamoki angalau shubiri moja kila upande, kama halifiki uzi hautakusaidia.