Majibu yangu yalilala kwenye droo miezi minane

Jumatano usiku msomaji mmoja wa Mtongwe aliniandikia: "Dada, nilikwenda kupimwa mlango wa kizazi, wakanambia watanipigia. Huu mwezi wa tatu sijapigiwa. Si ndiyo kusema niko salama?"

Nilibaki na simu mkononi, chai inapoa. Hayo ndiyo niliyojiambia mimi mwaka 2022.

Nilikuwa na miaka 37 na nikijiona hodari. Khalati yangu alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Hedhi ilikuwa imemkoma zamani, damu ikarudi, akaificha kwa haya mpaka hawezi kusimama. Majirani wakasema ni uchafu wa ujana wake. Mimi ni katika waliomwosha, na maneno yale hayajanitoka mpaka leo. Basi upimaji ulipoletwa karibu na kwetu, nilifika kabla ya meza kupangwa. Nikapewa kijiti chenye brashi ndogo, nikaingia faragha nikajichukulia mwenyewe, dakika mbili nimemaliza, hakuna maumivu. Nikawahimiza mashoga zangu wote waende. Kisha nikarudi kwenye cherehani yangu, nikasahau.

Nambari niliyoiandika ni ya laini niliyoitupa mwezi uliofuata. Majibu yakakaa kwenye droo miezi minane, yakisema nina kirusi cha HPV aina ya 16. Aina hiyo na ya 18 ndizo zinazoleta karibu asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Alinipata mhudumu wa afya wa mtaani, akiuliza nyumba kwa nyumba kwa jina la baba yangu. Mungu amlipe.

Nesi alinipaka siki kwenye mlango wa kizazi. Harufu ni ile ile ya achari jikoni, na chumba kizima kilinuka hivyo. Akangoja kama dakika moja huku taa iko palepale, maana sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Halafu akageuza kadi yangu, akachora duara kama saa ya ukutani, akatia kivuli upande mmoja. "Hapa tu," akasema. "Haijawa saratani." Akaniunguza pale kwa kifaa cha moto, chini ya dakika moja. Niliumwa tumbo kama siku ya kwanza ya hedhi. Wiki kadhaa maji maji yakanitoka. Basi.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa nyumbani. Mume wangu (ameniruhusu niandike) aliniuliza, "Umevitoa wapi?" Wiki mbili tulilala tumepeana migongo. Jamani, sikilizeni: kirusi hiki karibu kila aliyewahi kuingiliana hukipata wakati fulani. Wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili, na kwa wengine hujilaza miaka mingi kimya. Hakiwezi kutumiwa kama ushahidi wa zinaa. Laiti ningekwenda naye siku ile, nesi angemweleza yeye mwenyewe. Wewe nenda naye.

Na rudi uchukue majibu. Andika nambari mbili za simu, yako na ya mtu unayemwamini, na usipopigiwa jipeleke. Kutoka kirusi kuingia mpaka saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20, muda ambao khalati yangu alikuwa nao wote, na hakuna aliyemwambia. Mwenye virusi vya ukimwi muda wake ni mfupi zaidi, hivyo aanze kupimwa akiwa na miaka 25 na asikae zaidi ya miaka mitano bila kurudia. Ukishatibiwa kama mimi, rudi tena baada ya mwaka.

Binti yangu vilevile. Yeye nilimpeleka chanjo ya HPV. Chanjo hii iliingia katika ratiba ya taifa Oktoba 2019, na ilizinduliwa hapa hapa Mombasa, lakini bado nilisikia kwa wakwe kwamba inafunga kizazi. Haifungi. Inazuia kirusi kisiingie, ndiyo sababu hupewa msichana mdogo, kabla hajakutana nacho. Wakati ule sindano ya pili ilikuwa baada ya miezi sita, na mimi, mama wa kuhubiri, nikachelewa miwili. Nesi akamchoma palepale, hakuanza upya. Kwa hivyo uliyechelewa usijifiche kwa aibu, mpeleke hata leo. Na akikua atapimwa vilevile, kwa sababu chanjo haizuii aina zote.

Yule dada wa Mtongwe nilimjibu usiku ule ule: kesho vuka na feri ya alfajiri, chukua kadi yako, usiondoke pale bila karatasi. Leo saa mbili asubuhi ameniandikia. Yuko kwenye benchi, mbele yake wanawake sita, na mumewe amekwenda kumnunulia maji.