Gari Jeusi Kwenye Picha Si Langu

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeupata. Umeandika: "Kaka, unakula bata Berlin, sisi huku unatubania." Ukaambatanisha picha zangu nne za Jumamosi kama polisi anayepanga vielelezo mezani. Halafu nasikia mjomba yuko barazani anawatangazia watu nimenunua gari. Leo niko mapumziko, kwa hiyo nitakujibu picha kwa picha, maana nikinyamaza mpaka mwezi ujao mtakuwa mmeshanijengea na ghorofa.

Tuanze na gari. Lile jeusi nililoegemea si langu, wala mwenyewe simjui. Lilikuwa limeegeshwa, jua limelipiga vizuri, nikaegemea sekunde kumi huku namwomba Mungu king'ora kisilie. Ujinga huo ni wangu, naubeba.

Basi la ghorofa, mnalosema nimekodi la watalii, ni daladala tu bwana. Basi namba 100, linatoka Zoologischer Garten linakwenda Alexanderplatz. Anayelijua hapotezi muda chini, anapanda juu na kuwahi kiti cha mbele kabisa, kioo chote chako. Linaizunguka nguzo yenye sanamu la dhahabu lenye mabawa, linapita ikulu ya rais wao, linapita bunge, linaingia barabara ya Unter den Linden yenye miti pande zote. Kila mwezi nalipa tiketi ya nchi nzima, mwaka 2025 ilikuwa euro 58. Nalipa kwa sababu bila hiyo sifiki kazini. Lakini ukishaipata unapanda mabasi yote, treni za chini ya ardhi, hata zile treni za polepole za kwenda miji mingine. Siku nikiwa na mapumziko na mfuko umekauka, napanda, nashuka, napanda tena. Bata uliyoiona ndiyo hiyo. Nauli ya ziada siku nzima ilikuwa sifuri.

Na usidhani nalalamika. Siku ile niliipenda kweli. Ilikuwa Jumamosi yangu ya kwanza bila zamu katika wiki saba. Majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano, mvua haikunyesha, na pale juu nilikaa na mtoto wa miaka kama mitano na bibi yake, sote watatu tunaangalia mbele kama tunaendesha sisi. Nilirudia njia hiyo mara mbili. Nilicheka peke yangu. Ndiyo maana nikapiga picha, ndiyo maana nikazituma. Nilitaka mnione nimefurahi mara moja, basi.

Ile ya mifupa mirefu uliyouliza "hilo ni nini" ndiye mjusi wetu, dinosaria. Yuko kwenye jumba la makumbusho, amesimama ukumbini, kimo chake kinapita mita 13, shingo iko darini kabisa. Walimchimba Tendaguru, huko kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913, wakati Mjerumani ndiye mwenye nchi, na waliobeba mifupa ile iliyogeuka mawe kichwani mpaka bandari ya Lindi ni babu zetu, siku kadhaa kwa miguu. Nilisimama chini yake nikamwambia kwa Kiswahili, shikamoo mzee. Mlinzi akanitazama. Mimi na mjusi wote tumetoka Lindi, ila yeye hajawahi kuulizwa kibali chake kinaisha lini.

Sasa ile ya jioni, iliyomkasirisha shangazi. Mwambie zile glasi si bia. Ni juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, huku wanainywa sana, na rangi ndiyo hiyo, nitafanyaje. Wale watu watatu ni marafiki zangu wapya kutoka darasa la lugha: dada wa Kameruni, kijana wa Syria anayeoka mikate usiku, na mzee Mjerumani aliyestaafu ambaye anakuja kutuzungumzisha bure. Tulikuwa tumetembea mtaa wa Wedding, kule kwenye barabara zenye majina ya kwetu. Ipo Sansibarstraße, na ipo moja iliyokuwa na jina la mkoloni Carl Peters, yule mkono wa damu, ambayo mwaka 2024 kipande chake waliita Maji-Maji-Allee. Mzee akaniomba niwaeleze Maji Maji ni nini. Nikaeleza kwa Kijerumani changu cha kuunga unga, vita, maji ya dawa, njaa iliyofuata. Wakanyamaza. Dada wa Kameruni akasema, basi wewe leo ndiye mwenyeji, twende ukatulishe.

Ananitania, mimi moyo ukaruka. Maana kwetu ukiitwa mwenyeji unalipa. Tukakaa, tukala supu, tukacheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Nilikuwa sijacheka na watu hivyo tangu nifike, nakuapia. Kisha mhudumu akaja na lile swali lao: pamoja, au kila mtu chake? Mzee akajibu haraka, kila mtu chake. Ndugu yangu, nilishusha pumzi. Halafu nikaona haya kwamba nimeshusha pumzi. Huko nyumbani ningemwita mtu wa namna hiyo bahili.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni muda wote huo. Picha nilituma saa 10 jioni, na kufikia saa 2 usiku nilikuwa na mizinga mitatu. Mjomba, bati za paa. Binamu, simu mpya, "hata iliyotumika si mbaya." Na mtu niliyesoma naye darasa la tano, ambaye hatujasalimiana miaka kumi na mbili, mtaji wa bodaboda. Mimi nimekaa pale mezani, watu wanasimulia, mimi napiga hesabu za saa. Kwa kazi yangu, kima cha chini cha mshahara hapa mwaka 2025 kilikuwa euro 14.25 kwa saa, na ndicho nilicholipwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "euro 100 tu, kaka," mimi nasikia saa 7 za ndoo na mopu, na hapo makato hayajapita.

Naam, ndoo. Nilipowaambia nafanya kazi ofisini sikudanganya. Ofisi ipo, ghorofa ya sita, ina viti vya kuzunguka, na mimi huwa ndani yake kuanzia saa 10 alfajiri. Wenyewe wakifika nimeshaondoka. Mwaka wa kwanza kuna siku mmoja aliwahi kufika, akanikuta, akaninyooshea kikombe chake kichafu bila kunitazama, nikakipokea, nikakiosha. Sikumwambia mtu. Nikapiga picha dirishani na mji nyuma yangu, nikawatumia. Mama aliiweka status wiki nzima. Kwa hiyo huo uvumi mnaoutembeza, mbegu niliipanda mwenyewe, nami nakuja hapa kukufokea wewe.

Dada wa Kameruni aliniona nimepoa, akauliza, ni nyumbani? Akacheka. Kumbe yeye ana sheria: anatuma tarehe moja kwa mwezi, kiasi kilekile, kwa mtu mmoja, na huyo mtu ndiye anayegombana na ukoo. Picha hatumi kabisa. Nikamwuliza, inasaidia? Akasema miaka miwili iliyopita kijijini kwao walianza kusema yuko gerezani, ikabidi apige moja na koti la baridi.

Kwa hiyo nisikilize. Usije. Kama unakuja kwa sababu ya zile picha, usije. Kama unakuja kusoma, njoo, ila ubalozi watataka kuona akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904, na ukifika unaruhusiwa kutoa 992 tu kwa mwezi. Ni hela yako, unakuja kuila taratibu. Wakala yeyote wa mtaani anayekwambia hiyo ataimaliza kwa laki tano, mpishe. Kijerumani anza huko huko, kabla hata ya pasipoti, usifanye nilivyofanya mimi kufika na "danke", yaani asante, peke yake. Simu yako iwe na chaji kila unapopanda treni, kwa sababu tiketi imo ndani ya simu na wakaguzi wengine wanavaa nguo za kiraia kama abiria. Faini ni euro 60. Niulize mimi.

Usimwombe mtu wa ughaibuni hela siku ameweka picha. Na ukiwa na shida ya kweli niombe, usinionee haya, mimi ni kaka yako. Lakini isiwe hela ya kununua simu. Binamu mwambie hapana, mwambie nimefulia, ni kweli.

Ukifika, nitakupeleka kwenye basi namba 100 siku ya kwanza kabla hujalala. Tutakaa mbele juu. Sitakuruhusu kupiga picha. Haya, moja utapiga.

Bati za mjomba nitatuma nusu, tarehe 5. Usimwambie bado, akijua nimekubali upesi hivi ataongeza na milango.