Kila kliniki mkunga mpya, nifanyeje?

SWALI: Dada naomba unisaidie, mimba yangu ina miezi sita na kila nikienda kliniki nakuta mkunga mwingine, naanza kueleza upya kwamba kwa mtoto wa kwanza nilitoka damu nyingi sana baada ya kujifungua, wengine wanaandika wengine wala. Nasikia kuna mahali mkunga ni yuleyule toka mwanzo mpaka unajifungua. Ina faida kweli au ni mambo ya wenye hela? (Mama kijacho)

JIBU: Pole mwaya, faida ipo tena sio ndogo. Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za afya, mwaka 2024 walikusanya tafiti 17 zenye wanawake zaidi ya 18,000, wakaona waliohudumiwa na wakunga walewale waliozalishwa kwa upasuaji walikuwa wachache kidogo, wengi zaidi walijifungua kawaida, na kwa jumla waliridhika zaidi na huduma.

Chukua presha tu. Wewe siku zote unasoma 110/70, leo imesoma 135/85. Mkunga asiyekujua anaona bado haijafika 140/90, anaandika unaenda zako. Anayekujua anashtuka, anakuuliza kichwa vipi, macho vipi, anapima mkojo na kukwambia urudi mapema. Kadi nayo ingemwonyesha huyo mgeni, ila kwa foleni ile nani anafunua kurasa za nyuma jamani?

Sasa usidhani ni mtu mmoja asiyelala, hakuna binadamu wa hivyo. Kinachofanyika ni wakunga wachache wanashika kundi la kina mama, mmoja ndo wako na wenzake wanamshikia akiwa off, na wote umeshaonana nao kabla ya leba. Shida ni wafanyakazi. Uingereza walijiwekea malengo makubwa ya hili, 2022 wakaondoa tarehe ya mwisho kwa sababu wakunga hawatoshi, na mimi naona walifanya sawa maana kumwachia mkunga mmoja mzigo wa watatu ni hatari kuliko kubadilishiwa sura.

Kwa hiyo ulizia kituoni kwako kama wana utaratibu huo. Kama hawana, muulize mkunga uliyempenda zamu zake ni siku gani, omba kliniki iangukie siku hizo, na ile habari ya kutoka damu hakikisha imeandikwa ukurasa wa mbele kwa maandishi makubwa. Ukifika leba iseme mlangoni kabla hujaulizwa, wewe au uliyeenda naye, maana inabidi wajiandae mapema na uzalie sehemu yenye damu ya kuongezewa. Hiyo usione aibu kuirudia hata mara kumi.

SWALI: Mke wangu ana presha ya mimba, anaonwa na daktari bingwa. Mkunga wa nini tena? (Baba mtarajiwa)

JIBU: Wa kuwa naye, kaka. Daktari anapanga dawa na siku ya kuzalisha, mkunga anaendelea kupima, kusikiliza mapigo ya mtoto na kumfafanulia mkeo yale aliyoambiwa haraka haraka akaitikia tu. Halafu presha hiyo inaweza kupanda hata mtoto akishatoka, hasa wiki ya kwanza, wageni wameshajaa nyumbani hakuna anayewaza kupima. Akilalamika kichwa kinamuuma vibaya au anaona ukungu msingoje kliniki ya wiki ya 6, nendeni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.