Matokeo ya upimaji wa kusoma: anza na sifuri, wastani baadaye

Mwalimu wa taaluma akishajumlisha matokeo ya upimaji wa kusoma, namba ya kwanza kusomwa kikaoni ni wastani. Tuseme darasa la pili lina wanafunzi 60: 15 hawakusoma neno hata moja, 20 wamesoma maneno 15 kila mmoja kwa dakika, na 25 wamesoma 50. Wastani wake ni karibu 26. Lakini darasani humo hakuna mtoto anayesoma maneno 26, na somo litakaloandaliwa kwa kufuata namba hiyo litawapita walio chini na kuwachosha walio juu.

Anza na sifuri. Hesabu ni wangapi hawakupata chochote katika kila sehemu: sauti za herufi, silabi, maneno, hadithi fupi, maswali ya ufahamu. Watoto wawili wanaweza kuwa na sifuri ya hadithi, kumbe mmoja anajua ba be bi bo bu zote na anakwama kwenye mwa, nda na ng'o, na mwenzake bado anachanganya b na d. Kuwapa zoezi moja ni kuwapotezea muda wote wawili.

Kagua pia namba zilivyopatikana. Maneno sahihi kwa dakika ni maneno aliyosoma, toa aliyokosea, zidisha kwa 60, gawanya kwa sekunde alizotumia. Mtoto aliyemaliza hadithi ya maneno 60 kwa sekunde 48 na kukosea manne amesoma maneno 70 kwa dakika, siyo 56. Mpimaji asipoandika sekunde, wasomaji wazuri wote wanaonekana kulingana. Kosa jingine la mara kwa mara ni kutumia hadithi iliyomo kwenye kitabu cha darasa. Hapo unapima kukariri. Utamjua aliyekariri kwa kumwandikia maneno yasiyo na maana, kama fapi au dezu. Anayeunganisha silabi atayasoma, aliyekariri atanyamaza.

Kisha rudi kwenye karatasi ya mpimaji uangalie makosa yenyewe. Anayesoma "kitabu" palipoandikwa "kitanda" anatazama silabi za mwanzo na kubahatisha iliyobaki. Anayesoma "mbwa" kama "m-bu-a" hajafundishwa, au hajashika, konsonanti zinazofuatana. Asomaye "ng'ombe" kama "ngombe" hajaiona kazi ya ile alama ya juu. Mtoto anayetamka "kurara" badala ya "kulala" kwa sababu ndivyo wanavyotamka kwao, huyo amesoma, usimkate alama.

Sehemu inayosomwa vibaya kuliko zote ni ufahamu. Mtoto amesoma maneno bila kukosea, maswali matano akapata moja, watu wanasema hana akili ya kuelewa. Mpime kwa kusikiliza: msomee wewe hadithi nyingine ya kiwango kilekile, kisha umuulize. Akijibu vizuri, lugha anayo. Nguvu zake zote zinaishia kwenye kuunganisha silabi, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Huyo anahitaji kusoma kwa sauti kila siku mpaka mtiririko uje. Akishindwa hata kwa kusikiliza, tatizo kubwa ni Kiswahili chenyewe, jambo la kawaida kwa watoto wa Usukumani au Umasaini wanaokutana nacho shuleni. Kadi za silabi hazitamsaidia huyo. Anahitaji mazungumzo, picha, kusimuliwa hadithi na kuzisimulia tena. Kwa kweli, ukikosa muda wa kufanya uchambuzi wote, fanya huu.

Ukishajua nani amekwama wapi, gawa makundi kwa hatua alipoishia mtoto, bila kujali darasa lake. Madarasa ya pili na ya tatu yanaweza kuchanganywa kwa dakika 30 kila asubuhi. Kundi la herufi na silabi liwe dogo, na lipewe mwalimu hodari, maana mara nyingi huachiwa anayepatikana. Kadi hazina gharama: kata maboksi, andika kwa kalamu nene.

Baada ya wiki sita pima tena, kwa hadithi mpya yenye urefu na ugumu uleule, na ikiwezekana mpimaji yuleyule. Wastani unaweza kupanda kidogo tu huku sifuri zikishuka kutoka 15 hadi 6, na hiyo ni hatua kubwa. Angalia pia waliobaki palepale: mpeleke mtoto umbali wa dawati la nyuma asome ubaoni, umwite kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo. Asiyeona au asiyesikia vizuri mzazi wake aambiwe wiki hiyohiyo, aende naye hospitali.

Na waliokosa siku ya upimaji waandikwe majina, wapimwe siku wanayorudi. Watoro wengi ni hao hao wasiojua kusoma, na wakiachwa nje ya hesabu darasa linaonekana zuri kuliko lilivyo.