Maswali ya wasomaji: Tezi dume na kiti cha baiskeli

Nina miaka 63. Hospitali wameniambia tezi dume imekua ila si saratani, na natumia vidonge. Kila siku napanda Phoenix kilomita 9 kwenda shamba na kurudi. Nikishuka nasikia ganzi chini, na jioni kukojoa kunakuwa kwa shida zaidi. Nilivika kiti kava ya sponji nene, hali ikazidi. Niache baiskeli?
*Msomaji, Tabora*

Shikamoo mzee wetu. Usiache. Baiskeli haikuzi tezi dume. Hiyo hukua kwa umri na homoni, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Ila kiti kibaya humtesa mwenye tezi iliyokua kuliko mwingine, na kava uliyonunua imeongeza mateso.

Tuanze na hiyo kava. Mwili umeumbwa ukalie mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Katikati yake ni msamba, nafasi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Hapo hupita neva na mishipa ya damu inayokwenda kwenye uume, na tezi dume yenyewe iko juu kidogo tu ya hapo. Ukikalia sponji nene, mifupa huzama. Sponji iliyosukumwa pembeni hupanda katikati na kukandamiza msamba. Ganzi unayoisikia ndiyo hiyo: neva imebanwa na damu haipiti vizuri. Vua kava leo, hata kabla hujanunua kitu kingine.

Kisha pima mifupa yako. Weka kipande cha boksi la katoni, lile lenye mawimbi ndani, juu ya benchi ngumu. Kalia kwa dakika moja ukiwa umevaa nguo nyepesi, miguu ikanyage tofali ili magoti yapande kidogo, na mgongo uiname kama unavyoinama ukiwa barabarani. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Wanaume wengi hupata kati ya sentimita 10 na 14. Kwa baiskeli kama yako, ambayo mtu huketi wima, ongeza sentimita 3 hadi 4. Kwa hiyo mwenye 12 atafute kiti chenye upana wa 15 au 16 kwa nyuma, mahali palipo bapa, bila kuhesabu kingo zinazoteremka. Usidhani kipana zaidi ndicho bora. Kikipita kiasi huchubua nyuma ya mapaja, na mapaja yakigonga kiti hukusukuma mbele hadi ukalie pua ya kiti, ile ncha nyembamba ya mbele, mahali pale pale unapopakimbia.

Ukifika dukani, au kwenye rundo la viti vya mitumba, bonyeza kwa kidole gumba pale mfupa utakapokaa. Kidole kizame kidogo, chini ya sentimita moja, kisha kikutane na ugumu. Kikizama mpaka kwenye plastiki, kiache. Tafuta chenye mfereji au tundu la kati, kuanzia nyuma hadi karibu na pua, vidole viwili vilale ndani yake vikiwa sambamba. Mfereji mwembamba kuliko huo hausaidii, maana kingo zake ndizo zitakazokubana. Springi mbili za nyuma zinafaa sana kwa barabara ya vumbi yenye mashimo, lakini hakikisha zina kimo kimoja. Moja ikiwa imechoka, utaketi upande na nyonga itauma ndani ya wiki. Viti vipana vya baiskeli za mjini kutoka Japani, zinazouzwa mitumba Dar es Salaam na Zanzibar, mara nyingi vina vipimo vizuri kwa mtu anayeketi wima. Kabla ya kulipa kigeuze uone nyaya za chini. Nyaya mviringo zenye unene wa milimita 7 hukaa kwenye vibano vingi vya kawaida. Viti vya zamani vyenye nyaya nyingi zaidi huhitaji kibano chake, basi nunua pamoja nacho.

Kama kiti chako cha sasa ni cha ngozi na kimelegea, ngozi imezama katikati na pua imebaki juu, tazama chini ya pua. Vingi vina nati ya kukazia ngozi. Ikaze nusu mzunguko, panda siku mbili, kisha ongeza nusu nyingine ikihitajika. Ukikaza yote kwa mkupuo ngozi huchanika kwenye riveti. Wala usiiloweshe mafuta ya kula ili ilainike. Hulegea haraka na haikazi tena.

Kiti kizuri kikifungwa vibaya hakina faida, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kimo kwanza: keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukipanda kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa juu mno, nyonga hucheza kushoto na kulia na msamba husuguliwa kila mzunguko.

Sasa mwinamo. Weka ubao ulionyooka juu ya kiti, kutoka nyuma hadi puani, na pimamaji juu yake. Anza na usawa kamili, kisha shusha pua kidogo kidogo. Kwa kiti cha urefu wa sentimita 27, milimita 9 ni sawa na nyuzi 2, na wengi hutosheka hapo. Ukishusha zaidi ya nyuzi 3 utaanza kuteleza mbele, viganja vitabeba uzito na mikono itakufa ganzi badala ya msamba. Kibano cha Phoenix kina meno, na jino moja huenda likaruka zaidi ya unavyotaka. Fungua nati zote mbili za pembeni, safisha kutu kwenye meno, jaribu jino moja moja, kisha kaza pande zote kwa zamu. Ukikaza upande mmoja tu, kiti kitajizungusha ukikutana na shimo la kwanza.

Mwisho pandisha usukani ulingane na kiti au ukizidi kidogo, uzito urudi kwenye mifupa. Legeza bolti ya juu ya shingo ya usukani mizunguko mitatu, weka kibao juu yake, gonga kwa nyundo hadi kabari ya ndani iachie. Vuta juu, lakini sentimita 6 na nusu zibaki ndani ya bomba. Angalizo kwa wenye breki za fito: usukani ukipanda unavuta fito, na raba za breki zinakwama kwenye rimu. Legeza kibano cha fito ya mbele na ya nyuma, rekebisha, na jaribu breki ukiwa unatembea nayo kabla ya kupanda.

Njiani inuka kwenye kiti kila baada ya dakika 10, simama juu ya pedali kwa sekunde 20 au 30, damu irudi. Jinzi yenye mshono mnene wa katikati iache nyumbani. Na usijinyime maji kwa kuogopa kukojoa: kunywa mapema, nenda chooni kabla ya kuondoka. Kama vidonge vyako ni tamsulosini au jamii yake, huweza kuleta kizunguzungu unaposimama, hasa siku za mwanzo. Siku hizo tembea kwa miguu.

Ganzi ikiendelea hata baada ya kupumzisha baiskeli kwa wiki, mwone daktari. Ukishindwa kabisa kukojoa, ukiona damu kwenye mkojo, au ukipata homa na baridi kali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nimeona mtandaoni viti visivyo na pua. Ni biashara tu au vinasaidia kweli?
*Mwendesha baiskeli, Kisumu*

Vinasaidia, na si maneno ya wauzaji. Taasisi ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, iliwapa viti vya aina hiyo polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli, wakavitumia miezi 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mgandamizo kwenye msamba ulipungua kwa asilimia 66, na wasiosikia ganzi kabisa wakaongezeka kutoka asilimia 27 hadi 82. Mwaka uliofuata taasisi hiyo ikapendekeza viti hivyo kwa wote wanaofanya kazi juu ya baiskeli.

Lakini pua ina kazi. Mapaja huibana ili kuongoza baiskeli, hasa kwenye mchanga, kwenye mteremko, au ukiwa na mzigo. Kama wewe ni bodaboda wa baiskeli unayebeba abiria nyuma, tungesita kukushauri kiti hicho. Badala yake chukua chenye pua fupi na tundu pana la kati. Ukinunua kisicho na pua, jizoeze wiki mbili kwenye barabara tambarare bila mzigo. Mikono itachoka mwanzoni, kwa hiyo pandisha usukani.

Baba ana miaka 71, amepasuliwa tezi dume kupitia njia ya mkojo wiki mbili zilizopita. Anajisikia vizuri na anataka baiskeli yake. Tumruhusu?
*Binti yake, Mwanza*

Bado, dada. Kidonda cha ndani hakionekani, na gamba lake huweza kubanduka siku ya 10 hadi ya 14 likatoa damu upya. Madaktari wengi hutaka wiki 6 bila baiskeli. Akipasuliwa kuondoa tezi nzima, muda huweza kufika miezi 3. Mwenye mpira wa mkojo asipande kabisa. Daktari aliyempasua ndiye atakayesema siku. Siku hiyo ikifika, aanze na dakika 10 kwenye baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, asilazimike kurusha mguu, na karia iwe tupu. Mkojo ukiwa mwekundu baada ya hapo, asimamishe na arudi kliniki.

Nakwenda kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, wiki ijayo. Baiskeli inaweza kuharibu kipimo?
*Msomaji, Unguja*

Inaweza kukipandisha kwa muda, na namba ya juu isiyo ya kweli huzaa hofu na vipimo visivyo vya lazima. Acha baiskeli na mazoezi mazito kwa saa 48 kabla ya kutolewa damu. Tendo la ndoa pia liache kwa muda huo huo. Kama ulikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ngoja wiki 6 baada ya kupona. Ikiwa ulipanda jana kwa kusahau, mwambie mhudumu kabla sindano haijaingia, akupangie siku nyingine.