Hela ya Mezani Ndiyo Inayomaliza Hela ya Chakula

Kila mwisho wa mwezi ushauri ni ule ule: andika orodha, nunua vya mwezi mzima kwa bei ya jumla, jaza stoo, umemaliza. Sina ugomvi nao. Lakini ni nyumba ngapi mnazijua zenye kiroba cha unga, mchele na dumu la mafuta ndani, na ikifika tarehe 15 mama wa nyumba anamwomba jirani elfu tano ya mboga? Stoo imejaa, pochi haina kitu. Orodha ilikuwepo na kwa jumla alinunua, sasa hela imekwenda wapi?

Mimi naishi Dar, Tabata. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto watatu wa shule, na mama mkwe. Mume analipwa kwa mwezi. Mimi nashona, kwa hiyo hela yangu leo ipo, kesho haipo, na ikikaribia Idi au Krismasi inakuja kwa mkupuo. Miaka yote ya kuendesha jiko hili imenifundisha kwamba kinachomaliza hela ya chakula mara nyingi si wingi wa mnachokula. Ni jinsi hela inavyotoka. Ikitoka vipandevipande, chakula nacho kitanunuliwa vipandevipande, na hakuna bei ghali kama ya kipande.

Chukua hela ya mezani. Baba anaondoka asubuhi, anaacha elfu kumi, "hiyo ya leo." Si ubahili. Wengi ndivyo walivyokuta kwao, na wengine wanaamini hela nyingi ikilala ndani itaota miguu. Sasa itazame hiyo elfu kumi inaweza nini. Kiroba cha kilo 25 haikigusi, dumu la mafuta haigusi. Inachoweza ni kilo ya mchele, nusu ya maharage, mafuta ya jero (shilingi mia tano), mafungu ya nyanya, kitunguu, karoti moja, nazi, na vyote vinanunuliwa kwa mtu wa mwisho kabisa kwenye mlolongo wa wauzaji, ambaye naye lazima apate chake. Elfu kumi kwa siku ni laki tatu kwa mwezi. Laki tatu hiyo hiyo ikitolewa kwa mpango mwingine inalisha vizuri zaidi, na sisi tumeishi kwa njia zote mbili.

Kwetu sasa mshahara ukiingia, hela ya stoo inatoka yote siku moja. Inayobaki ni ya mboga na vitu vibichi, nayo inagawanywa kwa wiki, kila Jumamosi nakabidhiwa ya wiki nzima. Siku ni fupi mno, huwezi kununua kwa nafuu. Mwezi nao ni mrefu mno, hela ya mwezi mzima ikikaa mkononi kila mtu ana shida. Wiki inabebeka. Na hapa kuna kitu watu wanakisahau: mwezi hauna wiki nne tu, una wiki nne na siku mbili tatu, na hizo siku mbili tatu ndizo zinazowapeleka watu kukopa. Gawanya mafungu matano, la tano liwe dogo, na usiliguse.

Kama hela yenu inakuja kwa simu, mwambieni anayetuma atume ya wiki. Ukitoa elfu kumi kwa wakala kila siku unakatwa kila siku. Au lipa moja kwa moja dukani kwa namba ya malipo, siku hizi hata genge la kona wanayo.

Sasa stoo. Kipimo changu ni sufuria. Kilo moja ya mchele inatutosha sita mlo mmoja, sembe ni kilo na robo. Tunapika wali jioni nyingi, ugali mara chache zaidi, siku nyingine ndizi, viazi au makande. Kwa hiyo naandika mchele kilo 25, sembe kilo 20, maharage kilo 8, na sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni. Usinakili orodha yangu. Pima kwako kwa sufuria yako wiki moja, zidisha, basi.

Mchele na maharage nafuata sokoni Tandale. Tofauti ya shilingi 400 tu kwa kilo, kwenye kilo 25 ni 10,000, nauli inarudi na inabaki. Lakini bei nafuu bila macho ni hasara. Kwanza, usihangaike na jina la mchele. Kyela inasifika kwa mchele, lakini kama kila gunia linaloitwa Kyela hapa Dar lingetoka huko kweli, Kyela ingekuwa na ukubwa wa Tanzania nzima. Ingiza mkono ndani kabisa ya gunia, hadi kwenye kiwiko, kwa sababu wa juu ni wa maonyesho. Utoe kiganjani, uupulize, uangalie chenga ni kiasi gani na mawe yapo au hayapo. Unuse: mchele uliokaa sana una harufu ya vumbi hata ukiwa mweupe. Tafuna punje mbili tatu, ikivunjika kwa mlio ni mkavu, ikibonyea kidogo una unyevu na utaharibika ndani. Halafu nunua kilo moja tu, nenda nayo nyumbani ukapike. Ukiridhika, rudi kwa yule yule. Mwambie akupimie kwa mizani. Debe na kisado vina ujanja mwingi wa mkono, na kilo haina kilima.

Ukifika nyumbani usiuache kwenye mfuko. Ndoo yenye mfuniko unaobana, na pilipili kavu chache ndani kwa ajili ya wadudu. Maharage vivyo hivyo, maana yakianza kubunguliwa yanakwenda upesi.

Si kila kitu kinunuliwe cha mwezi. Dona usiiweke muda mrefu. Imesagwa pamoja na kiini, kile kiini kina mafuta, kwa hiyo inachacha na kuwa chungu mapema. Sembe ndiyo inayovumilia. Kama mnakula dona, sageni ya wiki mbili mbili.

Na mafuta! Hapa ndipo wanaonunua kwa jumla wanapoliwa. Dumu la lita 20 ni nafuu kwa lita kuliko chupa, hilo halina ubishi. Lakini dumu likiwa jikoni, mkono unalegea. Chapati zinaelea, mchicha unakaangwa kama samaki, na dumu la miezi mitatu linaisha kwa miezi miwili bila mtu kujua lilivyokwenda. Dawa yake: jikoni kuwe na chupa ya lita moja na nusu tu, dumu likae chumbani. Chupa inajazwa Jumamosi, ikiisha Alhamisi, Ijumaa ni siku ya nazi au ya kuchemsha. Sukari nayo ina kopo lake la wiki. Watoto walinung'unika, wakazoea. Mama mkwe ndiye aliyechelewa kuzoea, na kusema kweli chai yake tunajifanya hatuioni.

Msiniambie basi mafuta ya kupima ndiyo suluhisho kwa kuwa hayamwagwi ovyo. Mafuta ya jero mchana na ya jero jioni ni 1,000 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Nenda dukani kwenu uulize 30,000 inanunua lita ngapi kwa bei ya dumu, halafu tuendelee na mazungumzo.

Genge ndipo hela ya wiki inapoishia. Simlaumu mwenye genge, anaamka usiku kwenda sokoni ili mimi nisiamke. Ile tofauti ya bei ni malipo ya usingizi wangu. Swali ni kama unataka kununua usingizi kila siku. Fungu moja la nyanya la jero mchana na jingine jioni, nayo ni 30,000 kwa mwezi, kabla ya vitunguu, hoho, karoti na limao. Mimi nyanya na vitunguu nanunua kwa sado sokoni Ilala au Buguruni, mara moja kwa wiki. Bei ya sado haitulii, kwa hiyo kila wiki hesabu: nyanya zilizomo ni ngapi, fungu la genge lina ngapi, sado moja ni mafungu mangapi? Kuna wiki, hasa mvua za masika zikikolea na nyanya zikiadimika, utakuta nafuu yenyewe ni ndogo na nauli inaimeza. Wiki hiyo nunua gengeni ukae kwa amani.

Sado ya nyanya nayo ina adabu zake. Usichague zote zilizoiva. Chukua nusu nyekundu, nusu zinazoanza kugeuka rangi, uzitandaze kwenye sinia mahali penye hewa, vikonyo vikiangalia chini, zisilaliane. Nyekundu zianze kuliwa. Zikianza kulegea, usisubiri zioze: saga, chemsha zipungue maji, weka kwenye chupa ndani ya friji. Asiye na friji anunue nusu sado, au agawane na jirani. Mimi na jirani yangu tuligawana hivi muda mrefu, anakwenda yeye wiki hii, mimi ijayo, nauli moja nyumba mbili.

Mchicha, matembele, majani ya maboga na jamaa zake, hayo mwachie mwenye genge kila siku. Hayalali.

Kuna tundu lingine dogo, watoto kutumwa dukani. "Kachukue sukari ya mia tano." "Kachukue royco." "Kachukue kiberiti." Kila safari inaondoka na chenji ya pipi. Kwetu dukani kunakwendwa mara moja, jioni, na anayekwenda anakwenda na karatasi. Kilichosahaulika kitaliwa kesho.

Daftari la dukani ndilo baya kuliko yote niliyotaja. Mangi, mwenye duka, ni mtu mwema, anakuandika na anakungoja. Lakini anayekopa haulizi bei. Umewahi kumwona mtu akikopa kilo ya sukari halafu akabishania shilingi mia? Na tarehe ya mshahara unalipia chakula kilichokwisha liwa, hela ya stoo inapungua, unarudi kwenye daftari mapema zaidi. Ukiwa humo ndani, usijaribu kutoka na kujaza stoo nzima kwa mwezi mmoja. Lipa deni lote, jaza nusu ya stoo badala ya stoo nzima, na mwezi ujao ongeza. Na mwambie Mangi mwenyewe asiwaandike watoto.

Najua mtu atasema: wewe una mshahara ndani, sisi wa bodaboda na mama lishe tunapata ya leo tunakula leo. Ni kweli, na ushauri mwingi wa bajeti unaandikwa kana kwamba kila mtu ana tarehe 25. Mimi hela yangu ya cherehani naiendesha hivi: kila siku niliyopata, elfu mbili inaingia kibubuni kabla ya kitu kingine. Mwezi ukiisha haifiki 60,000 kwa sababu siku nyingine sikupata, lakini inatosha kununua mchele wa jumla, na kitu kimoja kikishakuwa ndani hela ya siku inapata nafasi ya kupumua. Anza na kitu kimoja tu, kile mnachokula zaidi. Njia nyingine ni mchezo wa vyakula: wanawake wachache wa mtaa mmoja wanaojuana, mnachanga kila wiki, na zamu ya mtu ikifika ananunuliwa mchele na mafuta badala ya kupewa hela. Hela ya mchezo inaombwa na kila mwenye shida. Kiroba cha mchele hakiombwi.

Bei za bidhaa hatuziwezi. Mwaka 2022 mafuta yalipanda kila mahali, mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Kitu kikipanda hivyo, mimi sihamishi hela ya kitu kingine kukifuata. Fungu la sukari linabaki lile lile, linanunua sukari pungufu, uji tunaunywa na limao. Mchele na maharage, kama una uwezo wa kuweka, ongeza kidogo mavuno yakiingia katikati ya mwaka. Gesi inaokolewa na maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na kuchemsha ya siku tatu kwa mkupuo.

Limebaki la wageni, ambao hawamo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Shemeji anakuja "kusalimia" na begi. Tumetenga kilo tatu za mchele, nusu ya dagaa na nusu ya maharage kwenye ndoo ndogo, na haiguswi hata tukiishiwa. Mgeni akija, ndoo inafunguliwa, hakuna anayenong'onezana jikoni. Tarehe 30 ikifika hajaja mtu, kilichomo kinaliwa, kinajazwa kipya, na orodha ya stoo haibadiliki.